Lango la Mganda wa Ngano

"Lango langu halijamfungia mtu hata siku moja tangu nishike funguo zake, na anayetaka lifungwe, hata awe Mfalme, aje alisukume mwenyewe!"

Glenda Pardoe aliyasema hayo akiwa amesimama juu ya kiti cha plastiki katika ukumbi wa mji wa Thrapley, mbele ya umati uliojaa mpaka mlango wa choo. Kiti kilikuwa kinalia, maana Glenda si mwepesi. Watu walipiga makofi, wengine wakapiga meza, na mwakilishi wa kampuni ya bia, Bwana Crispin Vaile, akaandika kitu kidogo kwenye simu yake huku akitabasamu. Mimi nilikuwa nimeshikilia mguu wa kiti. Tabasamu lile sikulipenda.

Kilichompandisha Glenda kitini ni mchoro. Kampuni ndiyo inayomiliki hoteli ya Mganda wa Ngano, na Glenda ni mpangaji wao. Basi kampuni ilileta mchoro mkubwa wa rangi, wenye miti ambayo haipo na watu wembamba ambao Thrapley hatunao, kutuonyesha itakavyotuboreshea hoteli yetu. Tao la katikati lingezibwa kwa milango ya vioo liwe mapokezi. Ua wa nyuma ungejengwa fleti. Mabanda ya farasi yangekuwa "makazi ya kifahari". Nimefanya kazi pale tangu nilipoiacha diploma yangu ya majengo ya kale katikati, na ninayafahamu mabanda yale. Nimeshaona panya akitoka mle anatikisa kichwa.

Mganda wa Ngano ni kama kizee kilichojipaka poda usoni kikasahau shingo. Ukiwa barabarani unaona uso wa matofali mekundu, madirisha yamepangwa kama askari kwenye gwaride, kila kitu kimenyooka. Zunguka nyuma uone shingo yenyewe: mbao za mwaloni nyeusi, zimepinda huku na huku, na katikati yake udongo uliopakwa chokaa. Mbao ndizo nyumba. Matofali yaliletwa baadaye, enzi za magari ya farasi, wenye hoteli walipopata fedha na kuanza kuona haya mbele ya wageni wa kutoka London. Kujenga upya waliona gharama, wakasimamisha ukuta mmoja tu mbele na kuuning'iniza kwenye mifupa ile ile ya zamani. Tangu siku hiyo mbao zinabeba mzigo ambao hazikuzaliwa nao, na zinanuna polepole. Sakafu za juu zimelala upande. Yai likikuponyoka chumba cha mwisho, usilikimbilie. Nenda kalisubiri kwenye ngazi.

Katikati ya uso kuna tao, na ndani ya tao kuna lango la mabawa mawili ya mwaloni, kila moja zito kama ng'ombe. Magari yalikuwa yanapita hapo yakiwa na farasi wanne, abiria matajiri ndani na maskini juu ya paa. Ile boriti ya tao imesagika laini sehemu moja, na sisi huwaambia wageni kwamba imesagwa na vipara vya waliochelewa kuinama. Huenda ni uongo. Lakini ni uongo mzuri, na umetuuzia bia nyingi. Mlinzi wa gari alikuwa anapiga baragumu akiwa bado darajani, na gari likifika chini ya tao farasi wapya wameshasimama uani wanapiga kwato. Abiria waliletewa supu inayochemka makusudi; kabla haijapoa baragumu limelia tena, wao wanakimbilia gari na ndimi zimeungua, na supu inarudi sufuriani kumngoja mjinga mwingine. Hivyo ndivyo uso wa matofali ulivyolipiwa.

Halafu reli ikaja, ikapita mji mwingine. Uani majani yakaota kati ya mawe. Kwato zilipoondoka, miguu ya watu ikachukua nafasi. Nyuma ya ua kuna safu ya nyumba ndogo za wazee, zilizojengwa na tajiri mmoja aliyekuwa anaogopa kufa, na kanisa liko mbele, ng'ambo ya barabara. Anayetoka nyumba zile kwenda kanisani, dukani au kwa daktari hukatiza uani na kutokea chini ya tao. Njia nyingine ni kuzunguka Kilima cha Kinu, ambacho wakati wa barafu mtu mwenye fimbo hukishuka kwa makalio.

Sasa sheria ya kwetu ina jambo lake. Watu wakikatiza kwenye mali yako bila ruhusa, bila kujificha na bila kuzuiwa, miaka ishirini mfululizo, njia imekuwa ya umma, na huwezi tena kuiziba. Ndiyo maana wenye mali wana desturi: mara moja kwa mwaka wanafunga lango kutwa nzima, basi, ili ijulikane kwamba watu wanapita kwa hisani tu, na hesabu ya miaka ianze upya. Ni kama mume ambaye mwaka mzima anakoroma sebuleni, ila siku moja anagonga meza kuwakumbusha watu nani mwenye nyumba. Wengi huchagua Krismasi, kwa kuwa watu wameshiba na hawana nguvu ya kugombana. Kampuni ya bia iliandika hivyo hivyo kwenye mkataba: mpangaji atalifunga lango siku ya Krismasi. Na hapo ndipo mabwana wale walipofanya kosa lao. Kazi ya kulinda mali yao walimwachia mtu mwingine, tena katika siku ambayo hakuna hata mmoja wao angeondoka kwenye bata mzinga wake kwenda kuangalia kama imefanyika.

Glenda aliingia Mganda wa Ngano akiwa msichana wa kutandika vitanda, mtoto wa mkamua ng'ombe, na viatu vya dada yake miguuni. Aliolewa na Len Pardoe, aliyekuwa anaendesha baa, mtu mpole ambaye hasira zake zilikuwa zinaishia kwenye masharubu. Len alikuwa anafunga lango kila Krismasi kama alivyoagizwa, na kila Krismasi alirudi jikoni hana hamu ya kula. Alipokufa, akiwa amebeba pipa, moyo ukagoma ngazi ya chini ya stoo, kampuni ilimtuma mtu kumwambia mjane kwamba kazi hii inahitaji mwanamume.

"Mapipa hayajawahi kuniuliza," Glenda alimjibu, akaingiza pipa ndani mbele ya macho yake. Mkataba ukaandikwa kwa jina lake.

Krismasi ya kwanza alishuka na ufunguo mkononi. Akashika bawa la kushoto, akalivuta nusu. Uani akamwona bibi mmoja wa nyumba za nyuma anakuja taratibu, fimbo mkono mmoja, mkono mwingine umeshika ukuta, barafu chini inang'aa, kengele za kanisa zinalia. Glenda alisimama. Bibi alipofika akasema, "Aa, ndiyo leo. Nilisahau. Basi, nitageuza."

"Pita," Glenda akasema.

"Lakini Len alikuwa..."

"Len amekufa, mama. Pita kabla hujaganda hapo."

Akalirudisha bawa lile ukutani, na hakuligusa tena Krismasi ile wala nyingine ishirini na kitu zilizofuata. Hadithi hii ameisimulia baa mara nyingi, na kila mara barafu inazidi unene.

Asubuhi baada ya mkutano wa kiti cha plastiki, Bwana Vaile aliingia baa akaagiza maji yenye mapovu. Kwenye kona alikuwa Norris Tuckwell, tarishi mstaafu wa posta aliyepeleka barua mji mzima na hajaacha kupeleka habari. Norris ndiye aliyekuwa amepeleka ombi kaunti, kwamba njia ya taoni itambuliwe kuwa ya umma. Kama ingetambuliwa, milango ya vioo ingekufa, na fleti za uani zingekosa mahali pa kukaa.

"Bibi Pardoe," Vaile akasema, kwa sauti ya daktari wa meno, "afisa wa kaunti anakuja Alhamisi. Nataka tuelewane. Mkataba wako unasema unafunga lango kila Krismasi."

"Nasoma vizuri tu."

"Basi ukimwambia ulichosema jana, umekiri umeuvunja mkataba, mwaka hadi mwaka. Mimi nitakuwa sina la kufanya ila kukutoa. Na unaishi hapa juu, sivyo?"

"Chumba chenye sakafu ya kuteleza, ndiyo."

"Mwambie ulikuwa unafunga. Nani atabisha? Len alikuwa anafunga, watu watachanganya tu. Utabaki, na tukimaliza ujenzi utakuwa meneja wa mapokezi. Utakaa. Hutabeba kitu."

Glenda alikuwa anapangusa bomba la bia la shaba. Alipangusa mpaka nikaona sura yake humo, imevimba kama boga.

"Kwenye hayo mapokezi," akauliza, "maua yatakuwa ya kweli au ya plastiki?"

"Samahani?"

"Nilitaka kujua tu. Nusu Diploma, mpe bwana chenji yake."

Nusu Diploma ni mimi. Vaile alipotoka, Norris akaweka glasi chini. "Glenda, hiyo ni nyumba yako anayoizungumzia. Utakwenda wapi, kwa umri wako?"

"Umri wangu umefanya nini, Norris? Wewe una magoti ya bandia na bado unacheza dansi kama mbuzi."

"Nasema kweli."

Na mimi, mwenye busara nyingi na vyeti vichache, nikasema, "Bosi, sema tu hukumbuki. Kutokumbuka siyo uongo."

Alinigeukia. "Miaka yote nawaambia watu supu ni ya leo. Uongo huo naumudu. Lakini wale vikongwe wa nyuma, mwanangu, niwaangalie usoni niwaambie walikuta lango limefungwa, na wao walipita hapo hapo wakanitakia heri? Osha glasi."

Nikaosha. Siku tatu zile hakulizungumzia tena jambo hilo. Aliwasha jiko, akaoka pai za nyama, akamfukuza mlevi mmoja mara mbili kwa kosa lile lile. Ila nilimwona Jumatano jioni amesimama uani anaiangalia roshani ya mbao inayozunguka ghorofa ya juu, ambako zamani wageni walikuwa wanatembea kwenda vyumbani mwao na ambako yeye huanika shuka. Alihesabu kitu kwa midomo, au alisali, sijui. Kisha akaanua shuka.

Alhamisi mvua nyembamba, ile ya kwetu inayokulowesha bila kukuheshimu. Afisa wa kaunti alikuwa mama mwenye koti la njano na viatu vya shamba. Vaile alikuja na suti ya kijivu. Watu nao walikuja, wakajipanga chini ya tao na miavuli yao kana kwamba gari la London linafika. Wazee wa nyumba za nyuma walitoka na viti vyao kabisa.

Afisa alisikiliza mmoja mmoja. Huyu alipita hapa kila siku akienda shule, yule alipita na jeneza la mumewe, mwingine alipita tu kwa sababu ya harufu ya pai. Vaile akakohoa.

"Kwa heshima zote," akasema, "kampuni inakubali kwamba watu walipita. Lakini walipita kwa hisani yetu. Lango lilikuwa linafungwa kila Krismasi kwa mujibu wa mkataba. Lango hili hapa. Komeo hili hapa. Ufunguo upo."

"Linafungika?" afisa akauliza.

"Bila shaka linafungika."

"Hebu nione."

Vaile akatazama huku na huku kutafuta mfanyakazi. Mimi ghafla nikawa nimevutiwa sana na boriti. Kwa hiyo akakunja mikono ya suti, akashika bawa la kushoto, akavuta. Halikusikia. Akazunguka nyuma yake, penye upenyo wa ukutani, akasukuma kwa kiganja. Akasukuma kwa bega.

"Panua miguu, baba!" Norris akapaza sauti. "Vuta pumzi kwanza!"

"Mwiteni mkunga!" bibi mmoja akadakia kutoka kitini.

Vaile akasukuma kwa mgongo. Juu kitu kikalia, likadondoka vumbi la miaka na kiota cha ndege cha mwaka juzi, kikatua begani pake kama cheo cha jeshi. Bawa halikusogea hata unene wa ukucha. Akaenda la kulia. La kulia ndilo halikutaka hata kumpa sauti.

Afisa alipiga magoti kwenye maji, akamulika tochi. Ungeweza kuona kila kitu ukijua pa kuangalia: mwimo wa mwaloni umeinama chini ya uzito wa ule uso wa poda, bawa limeshuka nao, na ncha yake imekaa kati ya mawe ya sakafu kama jino kwenye ufizi. Nyumba yenyewe ilikuwa imelikalia lango. Na kwenye bawaba, mmea unaotambaa ulikuwa umepita, ukajizungusha, ukanenepa. Afisa aliushika shina. Vidole vyake havikukutana.

"Hili halijafungwa muda mrefu," akasema.

"Huenda miaka ya karibuni," Vaile akasema, anahema, tope mpaka kwenye tai. "Kabla ya huo mmea lilikuwa linafungwa. Mpangaji wetu ndiye anayejua." Akamgeukia Glenda, na akamwangalia kwa muda.

Afisa akanyanyuka. "Bibi Pardoe, na kabla ya mmea huu?"

Hapo kila mtu chini ya tao alijua kilichokuwa kinaulizwa. Norris alikuwa amevua kofia, sijui kwa nini. Glenda alikuwa amevaa aproni yake ya jikoni, ina unga, na alifuta mikono taratibu, mbele na nyuma, kisha akaikunja aproni akanipa mimi.

"Kabla yake pia sikulifunga," akasema. "Mkataba ulinitaka nilifunge kila Krismasi. Niliusoma, niliuelewa, nikatia sahihi. Kisha sikulifunga hata mara moja, makusudi, tangu nilipomzika mume wangu mpaka leo. Umenisikia, Bwana Vaile, au nirudie nikiwa kitini?"

"Nimekusikia," Vaile akasema.

"Haya. Ingia ndani upanguse hilo koti. Kuna supu."

"Ya leo?" Norris akauliza.

"Ya leo," akajibu, na uso haukubadilika.

Kaunti inakwenda mwendo wa kobe mwenye mafua. Mwaka ulipita na mwingine ukaanza kabla njia haijatambuliwa, lakini ilitambuliwa, na sasa kuna kibao kidogo cha kijani ukutani chenye picha ya mtu anayetembea. Mchoro wa vioo ukatupwa. Fleti hazikujengwa. Panya wa kifahari wako pale pale. Barua ya kampuni kwa Glenda haikwenda mwendo wa kobe. Ilifika wiki ile ile ya uamuzi, na muhula wa mkataba ukiisha alitakiwa awe ameondoka.

Watu walitaka kuandamana. Norris alishapaka mabango rangi. Glenda aliwakataza. "Nilivunja, wamenitoa," akasema. "Mimi siyo mtoto. Lango ndilo nililolitaka, na nimelipata. Hayo mabango fanyeni kuni."

Alihama Jumatatu asubuhi. Vitu vyake tulivisukuma kwa mkokoteni wa mapipa: kitanda, redio, picha ya Len na masharubu yake. Hatukwenda mbali. Moja kati ya nyumba ndogo za nyuma ilikuwa imebaki wazi, na wanaozigawa walikuwa wale wale waliokuja na viti vyao siku ya mvua. Tulikatiza uani, gurudumu linapiga mawe, yeye mbele na fimbo ambayo haihitaji. Alikataa katakata tusaidiwe na gari. Alisema gari lingezunguka Kilima cha Kinu, na yeye hakupigana miaka yote hiyo ili azungushwe.

Kampuni ilimleta meneja mpya, kijana mwenye ndevu zilizochanwa na ubao wa menyu usio na neno pai. Amenibakiza mimi kwa kuwa ndiye pekee ninayejua bomba lipi linavuja. Kila asubuhi Glenda anatoka nyumbani kwake, anavuka ua, anafika chini ya tao, anaipiga ncha ya fimbo kwenye bawa la kushoto, mara moja, kama mtu anayepiga mgongo wa farasi. Halafu anaingia na kukaa kwenye dirisha lililochomoza, pale ambapo zamani watu walikuwa wanakaa kuchungulia gari la London.

"Karibu, mama," meneja humwambia, kama alivyofundishwa kumwambia kila anayeingia. "Umeshawahi kufika hapa?"

"Mara moja moja," yeye hujibu.

Mimi humpelekea kahawa. Alijaribu kuniagiza nimwekee kwa bei ya zamani, nikamwambia mashine haikubali. Kahawa ni pauni tatu na peni tisini.